Mwaka Niliolingana Pumzi na Binti Yangu

Mke wangu alisema ile kaptula haitatoka nje ya geti nikiwa ndani yake. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, nami nimesimama sebuleni na kaptula nyeusi ya marefa, ile ile niliyoivaa kila Jumamosi kwa miaka mingi mbele ya umati wa watu wazima, watoto na mbuzi. Hata siku moja hakuwahi kulalamika. Lakini asubuhi hiyo sikuwa naenda kuchezesha mechi. Nilikuwa naenda kukimbia na binti yetu.

"Mtu mzima na mapaja nje," akasema, "mbele ya mtoto wako wa kike."

"Hii ni nguo ya kazi."

"Kazi iko kwa uwanja. Hapa wewe ni baba ya mtu."

Nami, ambaye nimewahi kumwonyesha kadi nyekundu beki mwenye kifua cha upana wa mlango, nikarudi chumbani kuvaa suruali ndefu.

Hakuwa amekosea. Sisi ni watu wa Ukambani tuliohamia Kitengela, na kuhama hakujatuondolea adabu zetu zote. Baba na binti aliyekomaa wana mipaka yao. Hamkai kitanda kimoja, hamtaniani mambo ya mwili, na hakuna anayemwonyesha mwenzake paja. Kwa hivyo binti alipotoka chumbani kwake na zile suruali za mazoezi zinazobana kama ngozi ya pili, mama yake alitazama dari kwanza, kisha akamfunga sweta kubwa kiunoni, likaning'inia mpaka magotini. Halafu akatoa sheria ambayo hakuna chama cha mpira kingeweza kuitunga.

"Mkimbie ubavu kwa ubavu," akasema. "Asitangulie mtu. Atakayebaki nyuma ataona mambo ambayo hayamhusu."

Tukatoka hivyo: mimi na suruali ya kitambaa ya kwenda kanisani, yeye na sweta linalompiga magoti, tumekaza macho mbele kama watu wawili wanaoenda kupigwa picha ya kitambulisho.

Acha nieleze tulifikaje hapo. Mimi niko na duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitengela. Siku za kazi nauza misumari, mabati na mifereji, na mteja anaweza kunibishania msumari mmoja mpaka chai yangu ipoe. Nyumbani nasikilizwa kwa kiasi. Lakini Jumamosi nikipuliza filimbi, watu ishirini na wawili husimama. Wanaweza kunitukana baadaye, na hunitukana kweli kweli, lakini kwanza husimama. Kwa mtu anayeshinda akihesabu misumari, jambo hilo ni utamu usioelezeka, na sikuwa tayari kuliacha.

Kila mwaka, kabla ligi haijaanza, refa lazima apite mtihani wa mbio. Anayeanguka hapewi mechi. Miaka ya nyuma mtihani huo haukuninyima usingizi, kwa sababu msimamizi wetu alikuwa mzee mmoja mwenye saa ya huruma. Akikuona unakuja mbio ulimi nje, kidole chake kilikuwa kinachelewa kidogo kubonyeza. Mwaka huo mzee akastaafu, na mahali pake akaletwa mwalimu wa mazoezi, kijana mwembamba wa chuo, mwenye spika ndogo inayopiga mlio yenyewe kwa wakati wake. Spika haina jirani wala ndugu. Tukajua tumekwisha.

Na binti yangu naye akawa amemaliza chuo. Alirudi nyumbani kutafuta kazi, na wakati anatafuta, akatangaza kwamba yeye pia ni refa. Alikuwa amefunzwa huko huko chuoni na hakutuambia. Mama yake aliuliza kama hiyo nayo ni kozi. Mimi nilifurahi kimoyomoyo, nikanuna usoni, ndiyo desturi ya akina baba.

Mwalimu mpya alituita sote Kajiado mjini kwa semina kabla ya mtihani. Tulijazana kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, sisi wazee tukikaa nyuma karibu na mlango. Mwalimu hakuzungumzia sheria za mpira hata kidogo. Alichukua chaki, akachora grafu ubaoni. Mstari wa chini, akasema, ni umri, kuanzia miaka ishirini kwenda mbele. Mstari wa kusimama ni uwezo wa pumzi: kiasi cha hewa ambacho mwili unaweza kuvuta, kupakia kwenye damu na kuunguza ndani ya misuli, pale mtu anapokimbia mpaka mwisho wa nguvu zake. Kisha akachora mistari miwili inayoteremka pamoja kuelekea uzeeni. Wa wanaume ulikuwa juu, na wa wanawake chini yake.

"Mwanamume," akasema, "kwa wastani moyo wake ni mkubwa zaidi, na damu yake ina chembe nyekundu nyingi zaidi za kubeba hewa. Mwanamke mwili wake umebeba mafuta zaidi kidogo, na mafuta hayakimbii, yanabebwa. Hayo ni maumbile. Halafu kuna umri. Moyo wa mtu mzima, hata kama hana ugonjwa wowote, kila mwaka unapunguza kidogo ile kasi yake ya mwisho. Misuli nayo inapungua. Ukifanya mazoezi unainua mstari wako. Usipofanya, unauteremsha haraka. Lakini kuteremka, utateremka."

Sisi wa nyuma tuliinamisha vichwa, kama kwenye mazishi ya mtu tunayemfahamu.

"Na huu ni wastani tu," akaongeza. "Kuna akina mama wa miaka hamsini hapa Kajiado wataacha nusu yenu mkitafuta viatu."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Ndipo nikainua mkono. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kitu kilikuwa kimeanza kuchemka ndani yangu tangu niuone ule mteremko. "Mwalimu," nikasema, "kwa huo mtihani kuna muda wa wanaume na muda wa wanawake. Sababu umesema ni maumbile. Sasa wewe mwenyewe umetuonyesha uzee pia ni maumbile. Mbona sisi wazee hatuna muda wetu?"

Vipara vyote vya safu ya nyuma vilipiga makofi.

"Mzee wangu," akasema mwalimu, "straika wa miaka ishirini akitoroka na mpira, hataangalia kama refa ana mvi."

"Hataangalia kama ni mwanamke pia!"

"Ndiyo maana mwanamke anayetaka mechi za ligi ya wanaume anakimbia muda wa wanaume. Hatupunguzi hata sekunde."

Hapo ndipo binti yangu, aliyekuwa amekaa mbele, akasimama. "Mimi ndiye huyo," akasema. "Nataka ligi ya wanaume. Nitakimbia muda wa wanaume."

Ukumbi mzima uligeuka kunitazama mimi. Baba alikuwa anaomba kiwango kishushwe, na bintiye anaomba kiinuliwe. Niliomba ardhi inimeze, lakini ardhi ya Kajiado ni ngumu, haimezi mtu hovyo.

Mwalimu ndiye aliyefurahi. Aliuliza umri wangu na umri wa binti, akaweka kidole kimoja kwenye mstari wa wanaume na kingine kwenye mstari wa wanawake, akaviburuta mpaka kwenye miaka yetu. Vidole vilikuwa urefu mmoja. "Mnaona?" akasema. "Huyu ameteremka kutoka juu, huyu yuko kileleni mwa wake, na wamekutana hapa. Nyinyi wawili fanyeni mazoezi pamoja. Hamtapata mwenzi anayelingana nanyi hivyo." Kisha akanigeukia. "Lakini msichelewe, mzee. Huo wako haungoji."

Ndiyo ikawa kila asubuhi tunashika barabara ya vumbi inayoelekea Kisaju, ubavu kwa ubavu, kama sheria ya nyumbani ilivyosema.

Siku za kwanza sitaki kuzikumbuka, lakini nitazikumbuka. Suruali ya kitambaa ilijaa upepo wa uwandani mpaka nikawa navuta hema. Waendesha boda boda hawakuelewa. Mmoja alipunguza mwendo akaenda sambamba nasi kwa muda mrefu, akinikagua. Mwishowe akamwuliza binti yangu, "Madam, huyo mzee ni mgonjwa? Tumpeleke hosi?" Binti akamwambia niko sawa. "Haonekani sawa," jamaa akasema, na akaendelea kutufuata polepole, akiwa na hakika kwamba muda wowote nitakuwa mteja.

Kuna mama mmoja Mmaasai, ajuza, tuliyekutana naye karibu kila siku akiwa na punda wake wawili wa maji. Yeye husalimia kwa sauti: "Supa!" Na salamu ya Kimaasai haiachwi bila jibu, hata kama unakufa. Nilikuwa najibu "Ipa!" kwa hewa ambayo nilikuwa nimeiweka kwa matumizi mengine. Siku moja alitusimamisha.

"Nani anawafukuza?" akauliza.

"Hakuna mtu, koko," binti yangu akajibu, akimwita bibi kwa Kimaasai.

"Sasa mnakimbia nini?"

"Afya."

Mama akafikiri. "Mimi yangu naifuata polepole," akasema, "na bado sijaipoteza." Akapiga punda, akaondoka. Sisi tulikuwa tumeinama mikono magotini. Alikuwa ameshafika mbali kabla hatujanyooka, na ninaapa hakuwa anahema. Nikamkumbuka mwalimu na akina mama wake wa miaka hamsini. Huyu hamsini aliipita zamani.

Kila mtu mjini alikuwa na dawa yangu. Wateja waliniletea habari za supu ya kichwa, uji wa wimbi, vitunguu saumu. Jirani yangu wa duka la nguo, Mwislamu wa kutoka Garissa na rafiki yangu wa kweli, alikuja na jagi la maziwa ya ngamia. "Umewahi kuona ngamia akihema?" akaniuliza. Nilifikiri, nikakubali kwamba sijawahi. "Basi kunywa." Nikanywa lote kabla ya mazoezi, kwa pupa yangu, ingawa aliniambia nianze na kikombe. Nilikimbia vizuri sana asubuhi hiyo, lakini si upande wa Kisaju. Nilikimbia upande wa vichaka, na binti yangu, kwa heshima, aligeuka akatazama barabara kuu mpaka niliporudi.

Polepole nikaanza kuielewa miili yetu. Tulipopanda kilima nilikuwa na nguvu kumzidi, na nilijisikia kijana mpaka kileleni. Lakini tukisimama kupumzika, aliweka vidole shingoni mwake, kisha shingoni mwangu, akitazama saa. Moyo wake ulikuwa umeshatulia, umekaa kitako. Wangu ulikuwa bado unagonga kama fundi wa mabati anayetaka kumaliza kabla ya mvua. Yeye shida yake ilikuwa nyingine. Alianza kwa fujo, akitumia pumzi yote mwanzoni, halafu mwisho anaanza kuburuta miguu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nikawa namwambia, na yeye ananiambia, "Dad, hiyo umesema jana." Nikamfundisha kubana matumizi. Yeye akanifundisha kupumua kwa tumbo, jambo ambalo tumbo langu halikuwa limewahi kuombwa.

Na kwa sababu hatukuweza kutazamana, tulizungumza. Sijui kama mnanielewa. Mezani mtu anakuona uso, unajipanga. Lakini ubavu kwa ubavu, macho mbele, maneno hutoka yenyewe. Asubuhi moja alisema, bila kupunguza mwendo, "Unajua shule nilikuwa napigana kila Jumatatu kwa sababu ya penalti zako?"

"Zipi?"

"Zote. Watoto wa wachezaji walikuwa wanakutukana. Mimi nilikuwa nawapiga."

"Na zilikuwa penalti?"

Akaruka shimo la barabarani. "Zingine," akasema.

Nilicheka mpaka nikakosa hewa, tukalazimika kusimama. Nilimpenda mtoto huyo siku ile kuliko siku aliyozaliwa. Siku aliyozaliwa nilikuwa na woga tu.

Wiki zilivyopita nikaona mabadiliko. Suruali ilianza kunivuka, mke wangu akaisogeza vifungo mara mbili. Nikaacha kuhema nikiinua mfuko wa saruji. Nikaanza kuwaambia wateja kwamba ule mstari wa mwalimu ni wa watu wa kawaida. Jirani yangu akanionya kwamba ngamia hajisifu. Mimi nikajisifu. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba filimbi yangu iko salama.

Siku ya mtihani uwanja wa Kajiado ulikuwa na baridi ya asubuhi na vumbi lililolala. Kanuni zilitaka kaptula, na mke wangu hakuwepo, kwa hivyo mimi na binti tulivaa, tukasimama bega kwa bega tukitazama mbele kama askari wa gwaride. Mtihani wenyewe ni rahisi kuueleza. Unakimbia kipande kirefu mpaka kwenye koni kabla spika haijalia, unatembea kipande kifupi, halafu inalia tena na unakimbia. Hivyo hivyo kuzunguka uwanja, mara za kutosha mtu kumkumbuka Mungu. Ukichelewa koni mara moja unaonywa. Ukichelewa ya pili, umetoka.

Tulianza pamoja. Mizunguko ya kwanza nilitaka kucheka kwa raha. Nilimsikia anavuta pumzi ninapovuta, anatoa ninapotoa. Wenzangu wa safu ya nyuma walianza kupukutika. Mmoja aliketi chini na kuvua kiatu, akasema ni kamba. Mwingine alisema amesikia simu yake inalia. Mimi nilikuwa bado niko, na spika ilikuwa inalia nimeshafika.

Halafu ikaja sehemu ile ambapo mwili unaacha kuwa wako. Miguu ikawa ya mtu mwingine, tena mtu asiyenipenda. Nilikuwa nafika koni pamoja na mlio, sio kabla. Moyo wangu ulikuwa umefika kwenye kasi yake ya mwisho, ile ambayo mwalimu alisema umri huikata kidogo kidogo, na haukuwa na nyingine ya kunipa. Nikaelewa kwa mwili jambo ambalo nilikuwa nimelielewa kwa kichwa tu. Hakuna hasira inayoongeza hapo. Nilijaribu.

Na hapo hapo nikasikia pumzi ya binti yangu inakatika. Alikuwa ameanza kuburuta. Bila kumtazama nilijua magoti yake yameshuka, kama yalivyoshuka kila asubuhi mwisho wa barabara. Tulifika koni, mlio ukatupata mguu mmoja ndani. Mwalimu alitutazama, hakuinua mkono. Ilibaki mizunguko michache sana. Nilikuwa na pumzi ya kujaribu kufika koni inayofuata, au ya kusema kitu. Haikutosha kwa vyote viwili.

"Inua magoti, wewe mtoto!" nikapiga kelele. "Nani amekuambia ulale?"

Haikuwa sauti ya refa wala ya mwalimu. Ilikuwa ile sauti niliyokuwa nikimwamshia kwenda shule, mbaya, ya kukwaruza. Watu wote uwanjani waliisikia. Binti yangu alikasirika papo hapo, kama alivyokuwa akikasirika akiwa mdogo. Akainua magoti. Akaniacha.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mgongo akikimbia, baada ya wiki zote zile. Alikuwa anakimbia vizuri. Mabega yametulia, mikono haipotezi kitu. Nilimtazama mpaka mlio ukanikuta katikati ya njia, mbali na koni, na mwalimu akainua mkono wa onyo. Uliofuata ulinikuta mbali zaidi. Akashusha mkono, nami nikatoka kando, nikalala chali kwenye nyasi kavu, mbingu inazunguka.

Ningependa kusema kwamba ni lile neno lililonigharimu filimbi. Nilisema hivyo kwa siku kadhaa, kwa kila mteja aliyenunua hata kilo ya misumari. Ukweli ni kwamba ningeanguka tu. Ningeanguka koni moja au mbili mbele, nikiwa kimya.

Binti alimaliza. Alifika koni ya mwisho kabla ya mlio, akapita, akaanguka kwa magoti, akatapika kidogo, akainuka. Kisha akaja kunitafuta, akaketi kando yangu. Mwalimu naye akaja na kuniambia, "Mzee, asiyekubali kushindwa si mshindani." Nilitaka kumwonyesha kadi. Nilikuwa na uchungu mkali, wa kitoto, na nilikuwa na furaha kali vile vile, na vyote viwili vilitaka kutoka kwa njia moja ya machozi. Nikasema ni vumbi. Kajiado huwezi kukosa vumbi la kusingizia.

Nyumbani mke wangu alikuwa amechinja kuku. Aliuliza nani amepita, tukamwambia. Alipopakua, aliweka firigisi kwenye sahani yangu kama siku zote, maana nyumbani kwetu firigisi ni ya baba. Nikaitazama.

"Kula," akasema. "Hiyo haina mtihani."

Jumamosi ya kwanza ya ligi ilinikuta sina kazi. Nilikuwa sijui kwamba Jumamosi ni ndefu vile. Nilifunga duka mapema, nikaenda uwanjani Kitengela kama mtu yeyote, nikasimama kando ya mstari na mashabiki. Binti yangu akaingia katikati na filimbi, peke yake mwanamke kati ya wanaume wote wale, na jamaa aliyesimama kando yangu akaanza kumtukana hata kabla mpira haujaguswa. Nilikaza mikono mfukoni.

Lakini shabiki ni ugonjwa wa kuambukiza. Kufika kipindi cha pili nilikuwa nimechangamka. Kumbe kutukana refa ni raha namna hii! Miaka yote nilikuwa upande usio na raha. Timu yetu ilishambulia, straika wetu akaanguka ndani ya boksi, na refa akaonyesha kwa mikono mchezo uendelee. Nikaona giza. Niliruka mstari, nikaingia uwanjani hatua nyingi, nikinyoosha kidole.

"Penalti hiyo!" nikapiga kelele. "Wewe refa huoni? Penalti!"

Filimbi ikalia. Watu ishirini na wawili wakasimama. Nilidhani kuna aliyeumia. Kisha nikamwona anakimbia kutoka ndani ya boksi, uwanja mzima, moja kwa moja mpaka nilipo. Alisimama mbele yangu. Hakuwa anahema.

"Mzee," akasema, "umeingia kwa uwanja. Naomba utoke uende nyuma ya ule uzio wa waya. Usipotoka, mechi haiendelei."

Pale Kitengela wengi wanatujua. Mtoto kumfukuza babake mbele ya watu ni jambo ambalo kwetu, na kwa Wamaasai, na kwa jirani yangu wa Garissa, halifanyiki. Jamaa aliyekuwa akimtukana alininong'oneza, "Huyo si wako?" Wote walingoja kuona nitafanya nini. Hasira ilinipanda mpaka kooni. Nikafungua mdomo.

Nikamtazama, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kukimbia. Alikuwa anaogopa. Mimi peke yangu ndiye niliyeweza kuona hivyo. Wakati straika alipoanguka yeye alikuwa hatua mbili kutoka kwa mpira, alifika hapo kwa pumzi yake mwenyewe, na mimi nilikuwa nusu uwanja nikikisia. Kama ningekuwa mimi na filimbi, ningekuwa nusu uwanja vile vile.

"Haikuwa penalti," akaniambia kwa sauti ya chini, ya nyumbani.

"Sawa, refa," nikasema.

Akageuka akakimbia kurudi, na mimi nikaenda nyuma ya waya.